Panya, Pombe na Uhuru wa Mtu

Swali hili linatufikia katika ungamo, katika mafundisho ya wakatekumeni, hata mezani: mlevi ni mwenye dhambi, au ni mgonjwa? Wengine wanajibu upesi: "Ni dhambi tu; akitaka, ataacha." Wengine wanajibu upesi vilevile: "Ulevi uko katika damu yake, hawezi kitu." Majibu haya mawili yanadhuru watu. La kwanza linamkatisha tamaa yule anayejitahidi na kuanguka. La pili linamwondolea hata nia ya kujitahidi. Basi inafaa tujue kwa hakika yale ambayo wenye elimu wamevumbua. Na katika jambo hili wamejifunza mengi kwa mnyama mdogo sana: panya.

1. Kwa nini panya?

Hatusemi juu ya panya buku wa mashamba, bali juu ya panya wadogo wa nyumbani, wale wanaotoboa mifuko ya unga. Mnyama huyu ananyonyesha watoto wake, na ubongo wake unafanya kazi kwa namna inayofanana na wetu katika mambo mengi. Anachukua mimba siku 20 hivi tu, kwa hiyo mtu anaweza kuona vizazi vingi katika miaka michache.

Tukumbuke kwanza maana ya jeni. Ni kama agizo dogo lililoandikwa ndani ya chembe za mwili. Mtoto anapokea nusu ya maagizo hayo kwa baba, na nusu kwa mama. Yamepangwa juu ya nyuzi zinazoitwa kromosomu: mtu ana jozi 23, panya ana jozi 20. Mwaka 2002 urithi wa panya ulitangazwa, umekwisha kusomwa karibu wote, ikaonekana kwamba sehemu kubwa sana ya jeni zake zina wenzi wao ndani ya mtu.

Lakini panya wawili wa kawaida wanatofautiana kama watu wawili. Namna gani tutajua kama tofauti zao zinatoka katika urithi? Mwaka 1909, huko Marekani, Clarence Cook Little alianza kuoanisha panya kaka na dada, kizazi baada ya kizazi. Wakifanya hivyo vizazi 20 na zaidi, panya wote wa ukoo ule wanakuwa karibu sawasawa, kama mapacha wa yai moja. Ukoo wake wa kwanza unaitwa DBA. Mwaka 1921 alianza mwingine unaoitwa C57, na mwaka 1929 akaanzisha Jackson Laboratory mjini Bar Harbor, nyumba ya uchunguzi ambayo hata leo inatuma panya kwa mabingwa wa nchi nyingi.

2. Chupa mbili

Mwaka 1959 mabingwa wawili, McClearn na Rodgers, walitangaza jambo lililo rahisi kueleweka. Waliweka chupa mbili katika kizimba cha panya. Moja ilikuwa na maji matupu, nyingine maji yaliyochanganywa na alkoholi, sehemu 10 katika 100. Kisha wakapima kila chupa imepungua kiasi gani. Panya wa ukoo wa C57 walipendelea chupa ya alkoholi. Wale wa ukoo wa DBA waliikwepa karibu kabisa.

Tufikiri vizuri. Panya hawa hawakuwa na rafiki wa kuwavuta kwenye baa, wala deni, wala kilio cha kusahau. Chakula chao kilikuwa kimoja. Basi tofauti yao ilitoka katika urithi.

Baadaye uchunguzi uliendelea mbele. Capecchi, Evans na Smithies walionyesha njia ya kubadili au kuzima jeni moja tu katika panya, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2007. Kwa njia hiyo mwaka 1998 ilionekana kwamba panya walionyimwa jeni fulani ya ubongo walikunywa alkoholi kidogo kuliko ndugu zao. Jeni ile inatengeneza mlango mmoja unaopokea dopamini, maji yale ambayo chembe za ubongo zinatumia kuambiana: "Jambo hili ni jema, ulirudie." Pombe, bangi na dawa nyingine za kulevya zinaingilia njia hiyo, zikaifundisha kutafuta lisilofaa. Lakini tusidhani kwamba kuna jeni moja ya ulevi. Ni nyingi, na kila moja inasukuma kidogo tu.

3. Urithi si yote

Mwaka 1999 mabingwa watatu, Crabbe, Wahlsten na Dudek, walifanya jaribio la busara. Walitumia panya wa koo zilezile katika miji mitatu: Portland na Albany huko Marekani, na Edmonton huko Kanada. Panya walikuwa wa umri mmoja, vyombo vilikuwa sawasawa, na kazi ilianza siku moja. Juu ya kupenda alkoholi, koo zilionyesha tofauti zilezile kila mahali. Lakini juu ya mambo mengine, kama vile woga, au namna ya kukimbiakimbia baada ya kupewa kokaini, matokeo hayakupatana katika miji yote. Hata panya, ambaye urithi wake unajulikana, hafanyi sawasawa mahali pote.

Tuongeze jaribio moja lililofanywa kwa panya wa aina kubwa zaidi, likatangazwa mwaka 2018. Walikuwa wamezoea kujipatia dawa kali ya kulevya, metamfetamini, kwa kubonyeza kijiti. Wakapewa kuchagua: dawa, au mlango unaofunguliwa ili wakae kidogo na mwenzao. Karibu kila mara walichagua mwenzao. Lakini wenye kuchunguza walipomchelewesha mwenzao, au walipotia maumivu katika kumwendea, uchaguzi ukageuka, wakarudia dawa. Kila mchungaji wa roho na akumbuke jambo hili.

4. Na mtu je?

Wenye elimu wamelinganisha mapacha wa yai moja na mapacha wa kawaida. Wanakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti zilizopo kati ya watu katika hatari ya kushikwa na ulevi inatoka katika urithi. Si kusema kwamba kila mlevi ni nusu mgonjwa na nusu mkosefu! Ni kusema kwamba tukilinganisha watu wengi, urithi unaeleza karibu nusu ya tofauti zao. Nusu nyingine inaelezwa na maisha yao. Tena urithi unaweza kukinga. Watu wengi wa Uchina, Japani na Korea wana jeni inayowafanya wawe wekundu usoni na kuchafukwa moyo wakionja pombe. Kati yao walevi ni wachache zaidi.

Hapa panya anafika mwisho wa mafundisho yake. Panya ana mwelekeo, lakini hana dhamiri. Hawezi kuahidi wala kutubu, wala kumwambia mwenzake: "Unisaidie." Mtu anaweza. Mwelekeo si dhambi, wala si amri. Kanisa nalo linafundisha, katika Katekisimu iliyotangazwa mwaka 1992, kwamba mazoea, woga na hali ya nafsi vinaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake. Kupunguza lawama si kusema kwamba tendo ni jema.

Tumtazame Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa Uchina. Alikuwa mganga na mkristu mwema. Alitumia afyuni ili kutuliza ugonjwa wa tumbo, ikamshika. Akaungama mara kwa mara, mpaka padri wake akamnyima maondoleo, akidhani hana nia ya kweli ya kuacha. Miaka kama 30 alikaa bila Komunyo, lakini hakuacha kusali wala kwenda Misa. Mwaka 1900 alikufa shahidi wa imani pamoja na watu wa nyumba yake. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu. Hakuna habari kwamba afyuni ilikuwa imemwachia.

5. Tufanye nini?

Kwanza, tusimpime mtu kwa kuanguka kwake tu, bali pia kwa kuinuka kwake. Anayeungama ulevi mara ya kumi huenda anapigana vita ambayo sisi hatukupewa kuipigana.

Pili, tusimwambie mtoto wa mlevi: "Utakuwa kama baba yako." Ni uwongo, tena ni mzigo. Tumwambie: "Wewe uko na hatari kuliko wenzako, kwako ni akili kutoonja kabisa." Hivi anajua adui yuko wapi.

Tatu, anayekunywa lutuku kila siku kwa miaka mingi asiamriwe kuacha kwa siku moja peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe nyingi, ukinyimwa ghafula, unaweza kutetemeka, kupata kifafa, hata kufa. Kuna koo za panya zilizochaguliwa zikaonyesha kwamba ukali wa hali hiyo nao unarithiwa. Basi aende kwanza kwa munganga, naye katekista amsindikize.

Nne, asiachwe peke yake. Kumfukuza mlevi katika kikundi cha sala ili apate haya ni kutia maumivu katika mlango wa kuwaendea wenzake. Mlango ule uwe wazi, na aliye nyuma yake asikawie kuja.