Amana ya Watoto Katikati ya Vita

Yeyote akabidhiwaye uongozi wa kuwaokoa watoto katika nchi iliyoghariki vitani hana budi kufahamu tangu awali kwamba faradhi yake ya kwanza si kugawa chakula, bali ni kupata idhini ya kupita. Kwani ghala likijaa nafaka na njia zikafungwa, mtoto hufa njaa vilevile.

Hayo yalidhihirika Sudan mwaka 1989, baada ya njaa kali kuwaangamiza raia wa kusini, pale James Grant, mkuu wa UNICEF, alipoishawishi serikali ya Khartoum na wapiganaji wa SPLA, waasi wa kusini, mahasimu wasioaminiana katu, waridhie misaada iwafikie wahitaji wa pande zote mbili. Lokichoggio, mji mdogo wa Turkana nchini Kenya, ukawa kituo cha ndege zilizochukua nafaka, chanjo na dawa. Na viongozi wa kazi hiyo wakawa hawapumziki kuomba ruhusa za kutua, kusuluhishana na makamanda, na kuhakikisha watoto waliodhoofika mno wanatangulizwa kupewa lishe.

Mwaka 1995 wapiganaji wa kusini walitia saini kanuni za kuuheshimu Mkataba wa Haki za Mtoto. Lakini mwaka 1998, serikali ya Khartoum ilipozuia ndege kwenda eneo la Bahr el Ghazal, huko kusini, njaa ilirejea kwa ghadhabu. Kwa hiyo kiongozi wa kazi hii apimwe kwa uadilifu wake: asipendelee upande wowote, wala asichoke kudai njia, maana uhai wa mtoto hauna hizbu.