Vitate katika Majibu ya Fasihi: Kosa la Ulimi au la Kalamu?

Vitate ni maneno yanayokaribiana kimatamshi lakini yenye maana tofauti. Aghalabu tunavifundisha katika kipindi cha matumizi ya lugha na kuviacha huko huko. Makala haya yananuia kukuonyesha, mwalimu mwenzangu, kwamba hasara yake kubwa huonekana katika majibu ya fasihi.

Chukua sentensi ya mwanafunzi anayejadili mhusika wa riwaya: "Anadhaminiwa na wanakijiji wote." Kudhamini ni kumwekea mtu dhamana au kumgharamia, kuthamini ni kumwona kuwa ana thamani. Ikiwa mwanafunzi alikusudia maana ya pili, basi hoja aliyoiandika siyo aliyoifikiria, na msahihishaji wa KCSE hana wa kumwuliza. Ana karatasi tu. Katika ushairi mambo huharibika zaidi. Ghamu ni huzuni, hamu ni shauku. Mwanafunzi akisoma ghamu kama hamu katika shairi la mapenzi, nafsineni inayoomboleza itageuka kuwa yenye uchu, na kila atakalosema kuhusu toni litakuwa kinyume.

Makosa haya yanatoka wapi? Jibu letu la haraka ni lugha ya mama, na kwa kiasi ni kweli. Kikuyu hakina sauti /l/, ilhali Kikamba hakina /r/. Ndiposa mmoja huandika "kura chakula" na mwingine "kupiga kula". Dholuo haina /sh/, na mshororo huwa "msororo", shaka ikawa saka. Hapa mazoezi ya kutamka yanafaa sana.

Suala la dh na th ni tofauti kabisa, nami naona tumelitibu vibaya. Mwanafunzi anayezungumza Kikuyu hutamka sauti ya dh bila taabu kwa kuwa imo katika lugha yake. Ila maandishi ya Kikuyu huiwakilisha kwa herufi th, na Kiingereza nacho hutumia herufi hizo hizo mbili kwa sauti zote mbili. Basi mtoto husema "mandhari" vizuri, kisha akaandika "manthari". Kumrudisha kwenye mazoezi ya matamshi ni kumpa dawa ya macho anayeumwa na jino. Kosa ni la kalamu.

Tulinganishe kidogo na Kireno. Katika lugha hiyo, sem (bila) na cem (mia moja) hutamkwa sawa. Herufi ya kwanza peke yake ndiyo inayoyatenga, na mwanafunzi wa huko hana budi kuikariri kwa kila neno. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Anayetamka dh sawasawa tayari ana jibu kinywani, na kazi yako ni kumwonyesha herufi zake. Mwambie atamke neno kwa sauti kabla ya kuliandika, mkono ukiwa kooni: koo likitetema, ni dh, lisipotetema, ni th. Hili halihitaji hata kitabu.

Kuna kundi la tatu, nalo ni istilahi zenyewe za fasihi: tashbihi na tashihisi, dhima na dhamira, taswira na tasfida. Hapa ulimi hauna hatia. Ni orodha tulizowakaririsha zilizochanganyikana. Mwanafunzi akiandika "tashibihi" na kutoa mfano wenye "mithili ya", mimi humpa alama ya hoja nikamkosoa kwa tahajia. Akiandika "tashihisi" kwa mfano huo huo, simpi, hata kama mfano ni mzuri, maadamu swali lilimtaka aitambue tamathali. Najua wapo watakaoniona mkali.

Kuhusu darasani, punguza orodha za jozi ubaoni. Kalamu na karamu zikipangwa pamoja bila muktadha, mwanafunzi hukumbuka kwamba zinachanganywa, asikumbuke ipi ni ipi. Tumia sentensi ambayo maneno yote mawili yanaweza kukaa, ili maana peke yake iamue. Kwa mfano: "Chama cha wazee kilimdhamini msichana huyo." Waandike tena sentensi hiyo wakibadilisha herufi moja tu, kisha uwaulize ni katika sentensi ipi karo ililipwa.