Umbea, Anasa au Njia? Istilahi na Sera ya Intaneti nchini Uganda, 2018–2021

1. Utangulizi

Mijadala ya sera kuhusu intaneti aghalabu huchanganya maswali mawili: nani aweze kuifikia kwa bei anayoimudu, na nini kiruhusiwe kusemwa humo. Swali la kwanza ni la miundombinu na kipato. La pili ni la sheria na uhuru wa maoni. Makala haya yanafafanua jinsi Uganda ilivyojaribu kuyajibu yote mawili kwa chombo kimoja, yaani ushuru, na jinsi maneno yaliyotumika kuitaja intaneti yalivyochangia uamuzi huo. Hoja kuu ni kwamba jina linalopewa huduma katika mjadala huelekeza mapema aina ya sheria itakayotungwa.

2. Ushuru wa shilingi 200

Mnamo Machi 2018, Rais Yoweri Museveni alimwandikia Waziri wa Fedha akipendekeza mitandao ya kijamii itozwe kodi. Katika barua hiyo alitumia neno olugambo, ambalo kwa Kiganda humaanisha umbea. Matumizi ya intaneti kwa elimu na utafiti aliyaweka kando, yasiguswe. Bunge likarekebisha sheria ya ushuru wa bidhaa, na kuanzia Julai 1, 2018 kila mtumiaji wa huduma kama vile Facebook, WhatsApp na Twitter alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku, sawa na 6,000 kwa mwezi wa siku 30.

Malipo yalifanywa kupitia pesa za simu, na laini isiyolipiwa ilifungiwa huduma hizo. Kiwango kilikuwa kimoja kwa wote: muuza nyanya anayepokea oda kwa WhatsApp alilipa sawasawa na mfanyabiashara mkubwa. Isitoshe, ushuru ulifuata laini ya simu. Aliyekuwa na Wi-Fi ofisini aliweza kuuepuka, na wengine walijificha nyuma ya VPN. Mzigo ukawaelemea wale ambao simu yenye bando dogo ndiyo njia yao pekee ya kuingia mtandaoni. Katika mwaka wa kwanza wa fedha, Mamlaka ya Mapato ilikusanya takriban shilingi bilioni 49.5, ilhali lengo lilikuwa bilioni 284. Yaani chini ya asilimia 18.

3. Uzito wa neno katika sera

Ushuru wa bidhaa ndio unaotozwa bia na sigara. Una mantiki mbili: kuipatia serikali mapato, na kupunguza matumizi ya kitu kinachohesabiwa kuwa anasa au chenye madhara. Intaneti ikiitwa umbea, kupungua kwa watumiaji huonekana kuwa manufaa. Ikiitwa njia ya kufikia soko, kazi na habari, kupungua huko huko huwa hasara. Waandamanaji waliojitokeza Kampala Julai 11, 2018, akiwamo mbunge Robert Kyagulanyi, hawakubishania kiwango pekee. Pande mbili zilikuwa zikizungumzia vitu viwili tofauti.

Udhaifu wa kuchanganya maswali ulidhihirika Januari 2021. Mitandao ya kijamii ilifungwa siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Januari 14. Jioni ya kuamkia siku ya kura, intaneti ikazimwa nchini kote hadi Januari 18. Aliyelipa ushuru na asiyelipa wote walikosa huduma. Malipo, kwa hiyo, hayakumpa mlipaji haki yoyote ya kuunganishwa.

Tangu Julai 2021, ushuru wa kila siku umebadilishwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data, isipokuwa data ya huduma za elimu na afya. Mabadiliko haya yana nafuu: anayetumia kidogo hulipa kidogo. Hata hivyo, intaneti imebaki katika orodha ile ile ya bidhaa, na sasa hata mkulima anayetafuta bei ya kahawa hutozwa.

4. Hitimisho

Washauri wa sera wanaweza kuchukua mambo mawili. Kwanza, hofu kuhusu maudhui ishughulikiwe na sheria ya maudhui, yenye mipaka inayoweza kupimwa mahakamani. Bei ya data isigeuzwe kuwa adhabu kwa wanaosema. Pili, kila pendekezo liseme bayana linatoza nini na kwa madhumuni gani. Kiswahili kina nyenzo za kutosha: kodi huingia katika hazina ya jumla, ushuru hutozwa juu ya bidhaa, ada hulipia huduma mahususi. Neno tozo ni pana zaidi, na upana huo unaweza kuficha: nchini Tanzania, makato ya miamala ya simu ya Julai 2021 yaliitwa tozo ya mshikamano, jina linalotaja wema wa mlipaji bila kutaja anacholipia.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005. Kadiri miswada itakavyojadiliwa kwa lugha hii, kazi ya wanaistilahi itaanza kabla ya Bunge kupiga kura. Mwananchi akielewa kuwa anacholipa ni ada, atauliza huduma iko wapi. Akiambiwa ni ushuru wa umbea, ataulizwa yeye kwa nini anasema.