Rufaa Haimzuii Dalali

Mwezi wa tatu nikiwa kwenye foleni ya kafeteria, baba mdogo alinipigia simu. "Mwanangu, dalali wa mahakama yuko hapa, anaondoka na kirikuu yangu." Nikamwuliza, si ulikata rufaa? "Nimekata! Risiti ninayo, nimemwonyesha. Anasema yeye anatekeleza amri tu."

Mimi nasoma ualimu, sheria siijui. Nilichojua ni kile kinachosemwa mtaani, kwamba ukikata rufaa hakuna wa kukugusa mpaka jaji aamue. Kumbe sivyo. Kwa kuwa wengi wetu ndio "wasomi" wanaopigiwa simu za namna hii nyumbani, naandika nilichojifunza.

Baba mdogo alishindwa kesi ya deni la mbao katika mahakama ya wilaya. Akaamriwa alipe milioni tisa. Hakuridhika, akakata rufaa Mahakama Kuu, akatulia akisubiri kuitwa. Mwenzake hakutulia. Aliomba mahakama ikaze hukumu, yaani alichoshinda akipate kwa nguvu ya sheria, na dalali akapewa kibali cha kukamata mali.

Je, alionewa? Hapana. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 39, Kanuni ya 5, inasema wazi kuwa rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Ukitaka usimame, unaomba, na mahakama inakubali ikiona sababu ya kutosha. Ukifikiria, ina mantiki. Aliyeshinda naye ana haki yake. Kama kila rufaa ingefunga mlango, kila mdaiwa angekata rufaa hata akijua hana hoja, ili tu anunue muda.

Kwa hiyo ni mambo mawili tofauti: rufaa, na maombi ya kuzuia utekelezaji. Kama muda wa kukata rufaa haujaisha na hujaikata bado, unaweza kuomba zuio katika mahakama ileile iliyotoa hukumu. Ukishakata, unaomba kule rufaa iliko. Maombi huambatana na hati ya kiapo inayoeleza sababu zako.

Mahakama inataka kuridhika na mambo matatu. La kwanza, kwamba bila zuio utapata hasara kubwa. Hapa kulia hakutoshi. Eleza mali ni ipi, inakuingizia nini, na kama ikiuzwa leo ukashinda kesho, utarudishiwaje. Kwenye deni la fedha swali hili ni gumu, maana fedha hurudishika, labda uonyeshe kuwa mwenzako hataweza kuzirudisha. La pili, kwamba hukuchelewa bila sababu. La tatu, utoe dhamana kwamba rufaa ikianguka, aliyeshinda atapata chake. Jambo likiwa la haraka, mahakama inaweza kutoa zuio la muda wakati maombi yanasubiri kusikilizwa.

Ukifika Mahakama ya Rufani utaratibu ni mwingine. Huko kuna Kanuni ya 11 ya Kanuni za mwaka 2009. Maombi yanapelekwa ndani ya siku 14 tangu upewe notisi ya utekelezaji, yakiwa na notisi ya rufaa, hukumu, tuzo na hiyo notisi ya utekelezaji. Hasara kubwa na dhamana vinatakiwa huko pia. Ila dhamana si lazima iwe mkononi siku unayoomba. Katika shauri la Mantrac Tanzania, Maombi ya Madai Na. 11 ya 2010, Mahakama ilisema ahadi thabiti ya kuitoa inaweza kutosha, halafu unapangiwa muda wa kuitimiza.

Baba mdogo alipata mwanasheria, akaweka hati ya kiwanja kama dhamana, mnada ukasimamishwa. Kilichomsumbua zaidi ni kueleza kwa nini alikaa miezi minne bila kuomba. "Sikujua" si jibu linalopendwa mahakamani. Kirikuu ilikaa yadi wiki saba bila kubeba hata gunia moja, na ndiyo inayolisha nyumba ile. Rufaa yenyewe bado haijasikilizwa, anaweza akashindwa tena.

Ila tulikuwa na bahati ya muda. Gari lilikuwa limekamatwa, halijauzwa. Lingeshauzwa na fedha kukabidhiwa, utekelezaji umekwisha, na mahakama haizuii kitu kilichokwisha kufanyika.

Basi siku ukipigiwa simu na mjomba au shangazi akakwambia, "Usijali, tumekata rufaa," usimpe hongera kwanza. Muulize: na maombi ya zuio mmepeleka? Akinyamaza, mwambie aende kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria leo, asingoje Jumatatu.