Shule ya Alasiri ya Watoto wa Washonaji

Wengi wetu tusikiapo neno “Myahudi” hufikiri habari za dini tu. Lakini wako Wayahudi wasioshika sana ibada, ambao Uyahudi wao umo katika lugha, nyimbo, hadithi na kupigania haki ya mnyonge.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wayahudi wengi walikimbia umaskini na mateso ya Ulaya ya Mashariki, wakaenda Marekani. Huko New York walishona nguo saa nyingi kwa ujira mdogo. Mwaka 1892 baadhi yao walianzisha chama kiitwacho Arbeter Ring, yaani Duara la Wafanya Kazi. Kila mmoja alitoa fedha kidogo kidogo. Akiugua alisaidiwa, akifa alizikwa. Mpaka hapo ni chama cha kufa na kuzikana, kama wavijuavyo wazee wetu.

Haja ya kusimama pamoja ilionekana wazi tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kilipoungua. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitalia, na baadhi yao wadogo kuliko sisi wa kidato cha nne. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo! Vyama vya wafanya kazi vilidai sheria mpya za usalama, zikapatikana.

Tena kulikuwa na jambo la nyumbani. Watoto walisoma Kiingereza katika shule za serikali, na wengine wakaona haya kusema Yiddish, lugha ya mama zao. Yiddish ina asili ya Kijerumani, imechanganyika na Kiebrania na lugha za Kislavi, nayo huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kuume kwenda kushoto. Wenye elimu waliidharau wakisema si lugha kamili. (Kiswahili nacho, kilichoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, kimesikia maneno kama hayo.)

Basi chama kikafungua shule za alasiri. Mtoto akitoka shule ya serikali alikwenda huko kusoma hadithi za Sholem Aleichem na Peretz, historia, na habari za wafanya kazi. Sala hazikufundishwa, lakini Pasaka ilisimuliwa: ni habari za watumwa waliopata uhuru. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ufundi mkubwa wa walimu wale.

Katika vita vya 1939–1945 Wayahudi milioni sita waliuawa na Wanazi, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Yiddish. Chama kingali hai; tangu 2019 chaitwa Workers Circle. Sasa wanafunzi wake wa Yiddish wako nchi nyingi, nao husoma kwa intaneti, na wengine ni watu wazima wanaojifunza lugha ambayo bibi zao waliisema jikoni.