Nyani wa Mara na homoni ya msongo

Nyani wa Maasai Mara hashindi njaa. Robert Sapolsky, mtafiti wa ubongo kutoka Marekani aliyeanza kuwafuatilia nyani wa huko Kenya mwaka 1978, aliona kwamba chakula huwachukua takribani saa nne tu kwa siku. Muda uliobaki husumbuana: dume mkubwa humfukuza mdogo kivulini, naye aliyefukuzwa humgeukia mnyonge zaidi. Sapolsky alitaka kujua kuonewa huko kunafanya nini mwilini.

Kazi ilidai subira. Alimvizia dume mmoja mmoja asubuhi, akampiga kwa kishale cha dawa ya usingizi kilichopulizwa kwa mrija. Nyani hakutakiwa kushtuka, maana hofu ya dakika chache ingepandisha kotisoli, homoni ya msongo, na damu yake isingeonyesha hali ya kila siku. Saa nayo ilikuwa lazima ilingane, kwa kuwa homoni hiyo hupanda na kushuka mchana na usiku.

Kotisoli yenyewe si sumu. Simba akitokea, tezi zilizo juu ya figo huimwaga pamoja na adrenalini, na mwili hupata nguvu ya kukimbia. Balaa ni pale simba anapogeuka kuwa bosi, deni au mume mkali, asiyeondoka. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake, New York, walionyesha kwa panya kwamba homoni ya jamii hii hufika ubongoni na kunasa kwenye hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu. Baadaye ikaonekana kwamba msongo wa muda mrefu hufupisha matawi ya seli za neva za hapo, huku ya amigdala, inayohusika na hofu, yakirefuka.

Huko Mara, kundi lilipokuwa limetulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamejipumzikia. Lakini cheo hakikuamua yote. Madume wenye marafiki, waliochambuana manyoya na kucheza na watoto, walikuwa na kiwango cha chini zaidi.

Katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kiliingia katika kundi moja kupitia nyama iliyotupwa kwenye jalala la hoteli ya watalii. Wakafa madume wakali, ndio waliokuwa na ubavu wa kwenda kugombania mabaki hayo na kundi jirani. Wapole wakabaki. Kufikia mwaka 1993 hakukuwa na dume mzima wa zamani aliyesalia. Madume wazima wote waliokuwepo walikuwa wamehamia kutoka nje, na bado upole ule ulidumu. Wanyonge wa kundi hilo hawakuwa na homoni za msongo zilizopanda kama za wanyonge wengine. Sapolsky na Lisa Share walichapisha matokeo hayo mwaka 2004.

Binadamu si nyani, na mtu ambaye msongo umemfikisha kwenye sonona anahitaji mtaalamu, pengine na dawa. Ila wanyonge wale hawakupewa dawa yoyote ya kutibu msongo. Walitendewa vingine tu. Ndiyo maana kumwambia mfanyakazi anayefokewa kila siku ajikaze ni kumwonea mara ya pili. Waajiri na walimu wakuu, anzeni na anayefoka.