Wagiriki Walikuwa Pande Zote Mbili

Mwaka 1095, mjini Baghdad, Abu Hamid al-Ghazali alimaliza kitabu ambacho jina lake tu lilitosha kuwashtua wasomi: Tahafut al-Falasifa, yaani kuporomoka kwa wanafalsafa. Aliwahoji katika masuala 20. Suala la kwanza, na ndilo alilolishughulikia kwa urefu kuliko mengine yote, lilikuwa hili: je, ulimwengu una mwanzo, au umekuwapo tangu azali?

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa akili ya Wagiriki na imani ya Waislamu, imani ikashinda na falsafa ikazikwa. Maandishi yenyewe yanasema vingine. Baadhi ya hoja kali ambazo Ghazali aliwatupia wafuasi wa Aristotle zilitoka kwa Mgiriki pia. Wagiriki walikuwa pande zote mbili za mjadala, na ndiyo sababu falsafa ya Waislamu haiwezi kuitwa nakala ya Ugiriki wala adui yake.

Chanzo cha mvutano ni fundisho la Aristotle kuhusu wakati. Kwake, wakati ni kipimo cha mwendo, na kila "sasa" ni mwisho wa muda uliopita na mwanzo wa muda ujao. Basi haiwezekani kuwe na "sasa" ya kwanza, isiyo na chochote nyuma yake. Ikiwa wakati hauna mwanzo, mwendo nao hauna mwanzo, na vitu vinavyokwenda vimekuwapo siku zote. Mungu wa Aristotle hakuuanzisha ulimwengu siku fulani. Yeye ndiye asiyeendeshwa na chochote, ambaye mwendo wote unamtegemea.

Mwaka 529, huko Aleksandria, msomi Mkristo aliyeandika kwa Kigiriki, John Philoponus, alilipinga fundisho hilo. Alijua vizuri kwamba Aristotle mwenyewe alifundisha kuwa idadi isiyo na kikomo haiwezi kukamilika. Akaligeuza fundisho hilo limrudie aliyelitoa. Kama ulimwengu hauna mwanzo, alisema, basi siku zisizo na kikomo zimekwisha kupita kabla ya leo. Na kwa kuwa kisicho na kikomo hakimaliziki, leo isingefika kamwe. Waarabu walikuja kumfahamu Philoponus kwa jina la Yahya al-Nahwi, Yahya mwanasarufi.

Hoja hizi ziliingia katika Kiarabu kupitia kazi kubwa ya tafsiri iliyoshamiri baada ya Khalifa al-Mansur kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762. Makhalifa, mawaziri na matajiri walilipia tafsiri za tiba, falaki, hesabu na falsafa. Wengi wa waliozifanya walikuwa Wakristo waliojua Kisiriaki, lugha ya makanisa ya Shamu na Iraki. Vitabu vingi vilipita kwanza katika lugha hiyo kabla ya kuandikwa kwa Kiarabu.

Hodari wao alikuwa Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo kutoka al-Hira, aliyefariki mwaka 873. Katika risala yake kuhusu vitabu vya Galen, tabibu mkuu wa Wagiriki, anaeleza jinsi alivyokitafuta kimoja kinachohusu uthibitisho wa kimantiki. Alizunguka Iraki, Shamu, Palestina na Misri hadi Aleksandria, na alichokipata ni karibu nusu yake tu, mjini Damascus. Hunayn pia alikusanya nakala kadhaa za Kigiriki za kitabu kimoja, akazilinganisha, akarekebisha makosa ya wanakili, ndipo akatafsiri. Wahariri wa maandiko ya kale hufanya vivyo hivyo hadi leo.

Si kila kitabu kilipata uangalifu huo. Katika kundi la al-Kindi, anayehesabiwa kuwa mwanafalsafa wa kwanza wa Waarabu, Ibn Na'ima wa Homs alitafsiri maandishi yaliyokuja kuitwa Theolojia ya Aristotle. Hayakuwa ya Aristotle hata kidogo. Yalikuwa mafundisho ya Plotinus, mwanafalsafa wa karne ya 3 aliyemfuata Plato, yakiwa yamepangwa upya na kufafanuliwa. Plotinus alisema kwamba vyote vinabubujika kutoka kwa Mmoja aliye juu ya kila kitu. Kwa hiyo wasomi wengi wa Kiislamu walimsoma Aristotle ambaye Ugiriki haikuwahi kumjua: bingwa wa mantiki na maumbile ambaye pia alinena juu ya Mmoja na safari ya roho kumrudia. Kosa hilo la jina likawa na matunda, kwa kuwa liliwalazimu kutafuta jinsi mafundisho hayo mawili yanavyoweza kukaa pamoja.

Al-Kindi mwenyewe alimheshimu sana Aristotle, lakini hakumfuata katika suala la azali. Katika kitabu chake cha falsafa ya kwanza, alichomwandikia Khalifa al-Mu'tasim, alitetea kuwa ulimwengu una mwanzo, na hoja zake zinafuata njia ya Philoponus. Mwanafalsafa wa kwanza wa Waarabu, basi, aliutetea uumbaji kwa hoja za Mgiriki Mkristo.

Baada yake upepo uligeuka. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950 na kupewa heshima ya kuitwa Mwalimu wa Pili baada ya Aristotle, aliunganisha mantiki ya Aristotle, mbubujiko wa Plotinus na falaki ya Ptolemy katika mfumo mmoja. Kutoka kwa Mungu inatokea akili ya kwanza, kutoka kwa hiyo ya pili, hadi ya kumi, na mbingu za sayari zikifuatana nazo. Hakuna hatua katika mfumo huo ambapo kulikuwa na Mungu bila ulimwengu.

Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, anasimulia kwamba alikisoma kitabu cha Metafizikia cha Aristotle mara 40 mpaka akakihifadhi, na bado hakukielewa. Siku moja sokoni muuza vitabu alimshawishi anunue kijitabu cha al-Farabi kwa dirhamu tatu. Alipokisoma fumbo likafumbuka, na kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa shukrani.

Alichokijenga baadaye kilimpita Aristotle. Ibn Sina aligawa vilivyopo katika mafungu mawili: kile ambacho hakina budi kuwapo, na kile ambacho kingeweza kuwapo au kutokuwapo. Cha pili, hata kikiwapo milele, hakijitoshelezi. Kinahitaji sababu ya kukifanya kiwe. Mfano wake ni mkono unaozungusha ufunguo. Miendo hiyo miwili hutokea kwa wakati mmoja, lakini ufunguo unautegemea mkono, wala mkono hauutegemei ufunguo. Ndivyo ulimwengu unavyoweza kuwa wa azali na bado ukamhitaji Mungu kila wakati.

Hapo ndipo Ghazali alipoingilia. Wanafalsafa waliuliza: ikiwa nyakati zote ni sawa, kwa nini Mungu aanze kuumba wakati fulani na si mwingine? Ghazali akajibu kwa mfano wa mtu mwenye njaa mbele ya tende mbili zinazofanana kabisa. Hatakufa njaa kwa kukosa sababu ya kuchagua. Atachukua mojawapo, kwa kuwa kazi ya utashi ni kutenganisha vilivyo sawa. Kisha akaleta hesabu ya sayari. Jua huzunguka mara moja kwa mwaka, Zohali mara moja kwa takriban miaka 30. Ikiwa hakuna mwanzo, mizunguko ya yote mawili haina kikomo. Itakuwaje basi mmoja uuzidi mwingine mara 30? Hoja hiyo ilikuwa imeshatumiwa na Philoponus zaidi ya karne tano kabla.

Ghazali hakuikataa mantiki ya Aristotle. Aliiona kuwa chombo cha lazima, na akaiweka mwanzoni mwa al-Mustasfa, kitabu chake cha misingi ya sheria.

Jibu lilitoka Andalusia karibu mwaka 1180. Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi na tabibu, aliandika Tahafut al-Tahafut, akijibu hatua kwa hatua. Mtu wa tende, alisema, hachagui tende hii dhidi ya ile. Anachagua kula dhidi ya kutokula. Na mizunguko iliyopita haipo pamoja mahali popote ili ihesabiwe, basi kusema imezidi au imepungua hakuna maana. Katika kitabu kingine alielekeza kwenye aya ya 7 ya Sura Hud katika Qurani, inayotaja Arshi, kiti cha enzi cha Mungu, kuwa juu ya maji, kuonyesha kwamba hata andiko halisemi waziwazi kuwa hapakuwa na kitu kabla ya mbingu na ardhi.

Maelezo yake juu ya Aristotle yalitafsiriwa kwa Kiebrania na Kilatini, na mwaka 1277 askofu wa Paris alipiga marufuku hoja 219, zikiwemo zilizodai kuwa ulimwengu ni wa azali. Mashariki nako mjadala haukunyamaza. Huko Iran, katika karne ya 17, Mulla Sadra wa Shiraz, aliyemsoma Ibn Sina na ile iliyoitwa Theolojia ya Aristotle, alitoa jibu jipya: kiini cha kila kitu cha kimaumbile kiko katika mwendo usiokoma, hivyo ulimwengu wote unaanza upya kila dakika. Kwake, mwanzo wa ulimwengu haukuwa tukio la zamani sana ambalo wanafalsafa na wanazuoni walikuwa wakiligombania. Ni jambo linaloendelea kutokea.